Simu ya Kabla ya Mechi

Ujumbe wa Roméo uliingia Jumatano mchana, Concessa akiwa kwenye sinki la jiko la shule anakofanya kazi, na kufikia Ijumaa jioni alikuwa ameusoma mara kumi na moja bila kumwonyesha mtu yeyote.

"Mama, huko kwenu mmesharudisha saa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, huku kwetu bado mpaka Jumapili. Jumamosi hii tunapishana saa tano tu, siyo sita. Nitapiga saa tisa yenu, siyo saa kumi. Mechi ni saa kumi na moja. Waambie wote, na Mama Célé hasa, aombe ruhusa kazini. Tuko ugenini, makocha wakishakusanya simu zetu basi tena."

Mara ya kwanza alipousoma, kidole kilikuwa tayari juu ya jina la Célestine. Kikasita. Akaifuta simu kwa aproni, akairudisha mfukoni, akaendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata.

Msimwone mbaya haraka. Wivu wa mke mwenza una nyimbo zake na ngoma zake, na mwenye nao akilia hupata wa kumbembeleza. Wivu wa mama kwa mwanamke mwingine aliyemsaidia kulea hauna hata pa kusemewa. Ukiutaja, watu watakuuliza: alikukosea nini? Na jibu ni kwamba hakukukosea kitu, na hapo ndipo roho inapozidi kuuma.

Roméo alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha Amerika, na alikuwa akikichezea chuo hicho ule mpira wao wenye umbo la papai, unaoitwa wa miguu na kuchezwa kwa mikono. Yeye ndiye aliyeutumia mguu kwelikweli. Wenzake wakishindwa kupenya, huitwa yeye kutoka pembeni, huupiga mpira katikati ya milingoti miwili mirefu, huchuma pointi tatu, kisha hurudi kukaa. Kazi ya sekunde nne, na kwa sekunde hizo nne chuo kilimlipia masomo yote.

Na nani aliyeugundua mguu huo? Célestine. Hapo ndipo donge lilipoanzia. Miaka ile Concessa alikuwa akifanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee, na mtoto alikuwa akila kwa Célestine, ghorofa ya pili, ngazi ileile ya jengo lao katika kitongoji cha Vällingby, kwa Waswidi. Célestine alikuwa mtu wa Bukavu, dereva wa basi la jiji, mwanamke ambaye kicheko chake hufika mlangoni kabla yake. Siku moja alipita na mtoto kwenye uwanja ambapo vijana waliovaa helmeti walikuwa wakigongana, akasimama, akawauliza kwa Kiswidi chake cha kuungaunga kama hawahitaji mguu. Walihitaji. Basi, ndivyo ilivyoanza. Concessa alikuja kuambiwa baada ya wiki mbili, alipokuta viatu vipya chini ya kitanda.

Sasa kila Jumamosi ya mechi watu thelathini walikusanyika kwenye chumba cha jumuiya, chini ya jengo: Warundi, Wakongo, na Mkenya mmoja aitwaye Kiprono ambaye peke yake ndiye aliyezielewa sheria za mchezo, au ndivyo alivyodai. Walishona vitenge vya kijani, rangi ya chuo. Palikuwa na birika la kahawa, televisheni kubwa, na kompyuta ya jumuiya iliyofungiwa kabatini. Kabla ya kila mechi Roméo alipiga simu kwenye kompyuta ile. Wote walimpungia mikono na kumpigia kelele kwa dakika tano. Kisha Célestine huibeba kompyuta, huingia nayo stoo ya viti, hufunga mlango.

Dakika mbili. Mara nyingine nne.

Akitoka, hasemi kitu. Na Roméo akiingia uwanjani, hakosi. Tangu msimu uanze mwezi wa nane hakuwa amekosa teke hata moja, ila siku ile moja mtandao ulipokatika kabla ya stoo, akakosa mawili. Nani atawaambia mashabiki kwamba hiyo ni bahati tu? Mashabiki ndio hao ambao hawafui kitenge timu ikiwa inashinda. Évode, mwenyekiti wao, alitangaza kuanzia siku hiyo kwamba mlango wa stoo ni sehemu ya timu, na hakuna wa kuugusa isipokuwa Célestine. Wote wakapiga makofi. Concessa pia alipiga, kwa sababu angefanyaje?

Aliwahi kumuuliza. "Mnaongea nini humo ndani?"

"Mambo ya mpira, dada yangu," Célestine alisema, macho yakiangalia birika.

Mambo ya mpira! Mwanamke huyo hadi leo hushangilia pointi za wapinzani, mpaka Kiprono amshike mkono. Concessa aliondoka pale akiwa na tabasamu la kujikaza kisabuni, na usiku huo hakulala. Mimba ni yake. Uchungu ni wake. Wiki tatu za kukimbia vita kwa mguu na mtoto mgongoni ni zake. Na neno la mwisho analolisikia mwanawe kabla ya kuingia vitani linatoka mdomoni mwa mtu mwingine, nyuma ya mlango uliofungwa. Mara moja tu, alitaka kuwa yeye humo ndani. Hakutaka kingine duniani.

Ijumaa jioni walikutana kupanga viti, na mazungumzo yote yalikuwa ya safari ngumu ya kesho.

"Hawa watu hawajafungwa kwao miaka miwili," Kiprono alisema. "Miwili! Uwanja unabeba watu elfu themanini, na kelele zao, wachezaji hawasikii hata kapteni akiwaita. Wanatumia mikono kama mabubu."

"Roméo hahitaji kusikia," mama mmoja alisema. "Mguu hauna masikio."

"Mimi naomba kitu kimoja tu," Kiprono aliendelea. "Dakika ya mwisho tuwe nyuma kwa pointi mbili. Mbili tu. Hapo aitwe kijana wetu apige moja, wale watu elfu themanini waende nyumbani kimya."

Chumba kizima kiliunguruma kwa raha. Évode alichukua kalamu, akaanza kuandika ubaoni matumaini ya kila mtu, jina na matokeo, kama desturi yao. Wengine walisema ushindi wa pointi moja, wengine kumi. Célestine alisema, "Mimi nasema tutashinda, namba mtaniwekea." Watu wakacheka. Alikuwa bado na sare ya basi, na jinsi walivyomgeukia wote ilimfanya Concessa ahisi kiti chake kimesogezwa nyuma.

Halafu Évode akafungua daftari lake la saa. Zamani Bujumbura alikuwa karani, na hajawahi kuacha. Msimu uliopita kijana mmoja aliwapotosha kwa saa ya kwenye simu yake, na tangu hapo daftari la Évode ndilo lililoaminiwa, simu zote zikanyamazishwa.

"Amerika tunaongeza sita," alisema. "Mechi saa kumi na mbili jioni. Simu ya mtoto saa kumi kamili. Watu wawe hapa saa tisa na nusu. Célestine, unamaliza zamu saa ngapi?"

"Saa tisa na robo. Nitakuja mbio na sare."

"Ufunguo?"

"Ninao mimi," Concessa alisema. Ilikuwa wiki yake ya usafi.

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema. Neno lilikuwa mdomoni, fupi, tano badala ya sita. Alimwangalia Célestine akivaa koti, akaona watu wawili wakimshikia mkoba na mmoja akimwambia, "Mlango ufanye kazi yake kesho, Mama Célé!" Akalimeza. Aliufumbata ufunguo mpaka ukamwachia alama kiganjani.

Jumamosi alifika saa nane na nusu. Alikuwa amejipaka mafuta na kufunga kile kitenge cha kijani. Akawasha taa. Chumba kitupu kilikuwa na baridi ya chini ya ardhi. Aliitoa kompyuta kabatini, akaingia nayo stoo, akafunga mlango, akakaa juu ya kiti kimoja katikati ya viti vilivyopangwa hadi darini. Hivi ndivyo palivyo, akawaza. Panatoka harufu ya mbao na sabuni. Alitazama ukuta anaoutazama Célestine kila wiki, na hata ukuta aliuonea gere.

Saa tisa kamili kompyuta ikalia.

Roméo alikuwa ameegemea ukuta wa korido ya hoteli, amevaa suti ya michezo ya kijani. Mabega yalikuwa yameongezeka, uso ulikuwa uleule. "Mamma!" alisema, halafu macho yakahamia nyuma yake. "Wako wapi?"

"Bado hawajafika."

"Hawajafika? Si uliwaambia?"

"Watu wana shughuli, mwanangu. Niko mimi."

"Na Mama Célé?"

"Yuko kwenye basi." Hilo lilikuwa kweli, na Concessa alilishikilia kwa sababu lilikuwa kweli. "Nimefunga mlango, unaona? Niko stoo. Niambie anachokwambia humu, mimi nitakwambia vizuri zaidi yake."

Roméo alijipangusa uso kwa kiganja. "Huwezi, mamma."

Lilimchoma. "Siwezi? Mimi niliyekuzaa siwezi, anaweza yule asiyejua hata goli liko wapi?"

"Uko sawa?" Roméo aliuliza.

"Niko sawa."

"Unalala?"

"Nalala vizuri sana."

"Na dawa?"

"Dawa gani?"

Roméo alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Unaona sasa? Dawa za presha, mamma. Mwezi wa tano ulianguka kazini. Ukalazwa siku nne. Mimi uliniambia simu imeharibika."

Concessa alisikia damu ikimpanda masikioni. Siku ile hospitalini alimshika Célestine mkono akamwapisha kwa jina la Mungu asimwambie mtoto. Asimsumbue, asome, acheze. "Aliniapia," alisema polepole. "Kumbe."

"Hakusema yeye. Niliambiwa na mtoto wa Évode, akifikiri najua. Nikanunua tiketi. Nilikuwa narudi nyumbani, mamma. Naacha chuo, naacha mpira, vyote. Nikampigia Mama Célé aje kunipokea uwanja wa ndege, Arlanda. Ndiye aliyenizuia."

"Alikuzuiaje?"

"Aliniambia nibaki, na kila siku ya mechi, kabla sijaingia, ataniambia ukweli wako wote. Uwe mzuri, uwe mbaya. Umekula nini, umepanda ngazi vipi, umemeza dawa mara ngapi. Hicho ndicho tunachoongea humo stoo. Hatujawahi kuongea mpira hata siku moja."

Concessa alitazama juu hadi darini. Vile viti vilivyomzunguka vilikuwa vimesikia habari zake msimu mzima, na yeye mwenyewe alikuwa nje na kikombe cha kahawa, anajikondesha kwa wivu.

"Nikishajua, napiga," Roméo alisema. "Nisipojua, nasimama pale nawaza umeanguka na hakuna mtu. Leo ni ugenini, ni kelele, ni hatari tupu, na sijui kitu. Ukisema uko sawa, mimi siwezi kukuamini. Samahani, lakini siwezi. Unasemaga hivyo hivyo tu." Aligeuka akaangalia mwisho wa korido. "Anakuja mwenye sanduku la kukusanyia simu. Nina dakika moja."

Niko sawa. Maneno hayo yalishafika kwenye ulimi, yamezoea njia. Concessa aliyatafuna.

"Sikuwaambia saa," alisema.

"Va? Unasemaje?"

"Sikumwambia hata mmoja. Ujumbe wako nimekaa nao tangu Jumatano. Nilitaka Célestine achelewe, niwe na wewe peke yangu humu ndani. Nina wivu naye, Roméo. Siyo wa leo. Tangu una miaka kumi, ukirudi kwake umeshiba na mimi chakula changu kimepoa mezani." Pumzi ilimkatika, akaendelea. "Jana nimepata usingizi wa saa tatu tu. Dawa nilizisahau Jumanne, na Alhamisi tena. Goti la kushoto linaniuma nikipanda ngazi, napumzika ghorofa ya kwanza, najifanya natafuta funguo."

Roméo aliileta simu karibu na uso. Macho yalikuwa yamejaa maji, na hakuyaficha.

"Leo umemeza?"

"Leo nimemeza. Na uji nimekunywa."

"Hiyo naiamini," alisema. Mkono wenye sanduku ulionekana pembeni ya picha. "Mamma, kamwambie Mama Célé. Wewe mwenyewe, kabla mechi haijaanza. Usiniachie mimi."

"Nitamwambia."

Kioo kikawa cheusi. Hakuwa amemwombea wala kumbariki wala kusema lile neno zuri alilolipanga siku tatu. Alikaa kidogo, kisha akampigia Évode. "Wiki hii tunaongeza tano. Mechi ni saa kumi na moja. Waambie watu." Évode alibisha, akataja daftari, akaangalia saa za Amerika kwenye simu yake mwenyewe kwa mara ya kwanza msimu huo, akaahidi kuwaambia.

Watu walianza kuteremka ngazi saa tisa na nusu. Walipojua kwamba simu imeshapita, chumba kilikuwa msiba. Kiprono alishika kichwa. "Bila mlango? Ugenini? Tumekwisha." Évode alilitupa daftari juu ya meza na kujilaumu kwa sauti, na Concessa, ambaye angeweza kujificha nyuma ya daftari lile maisha yake yote, alisimama pembeni akisubiri buti za Célestine ngazini.

Célestine aliingia saa kumi kasoro dakika ishirini akihema, kofia ya basi mkononi. Concessa alimshika kiwiko, akampeleka stoo, akafunga mlango. Huko nje watu walitazamana.

Alimwambia yote, amesimama, bila kujitetea. Célestine alimsikiliza hadi mwisho. Hakucheka hata kidogo, na Concessa hakuwa amewahi kumwona usoni bila alama ya kicheko.

"Weye Concessa," alisema. "Miaka kumi na moja tuko kwa ngazi moja. Nilikukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi juu ya nini? Mtoto anaenda kucheza na watu elfu makumi nane, na mimi siko. Nilikuwa na maneno ya kumuambia. Ulisahau dawa mara mbili, nilihesabu kwa kisanduku chako."

"Unahesabu dawa zangu?"

"Nani mwingine atahesabu?" Célestine aliketi kwenye kiti kilekile. Aliiweka kofia ya basi magotini. "Sasa anaingia pale bila kujua kitu."

"Anajua. Nimemwambia mwenyewe."

"Yote?"

"Yote. Mara mbili za dawa, usingizi, goti."

"Goti gani?"

"La kushoto. Linaniuma wiki ya tatu sasa."

"Goti sikulijua," Célestine alisema.

Na Concessa, Mungu amsamehe, katikati ya aibu yake yote, alihisi furaha ndogo mbaya ikimpitia kifuani. Kulikuwa na jambo moja ambalo mwanawe alilijua kabla ya Célestine.

Célestine aliiona. Alimtazama muda mrefu, akatikisa kichwa. "Bon. Sijakusamehe bado," alisema. "Toka, tuangalie mpira. Na kesho unaenda kuonyesha hilo goti kwa daktari, mimi ndiye nitakupeleka."

Saa kumi na moja kamili uwanja ule wa ugenini ulijaa kioo kizima cha televisheni, elfu themanini wakipiga kelele hata Évode akapunguza sauti. Mpira wa kuanzisha mechi ulisimamishwa juu ya kigingi chake, na kamera ikamkuta Roméo hatua kadhaa nyuma yake, mkono mmoja juu. Célestine alikuwa amebanana na Concessa kwenye benchi la mbele, harufu ya basi ikingali kwenye sare yake.

"Mtoto yetu," Célestine alinong'ona.

Yetu. Lilikuwa kama jiwe kwenye wali. Concessa alinyoosha mguu wa kushoto, akasogea kidogo ili mwenzake akae vizuri. "Ndiyo," alisema. "Angalia, anapiga."